Je, urithi unaua hamu ya kazi? Jibu kwa baba wa Tanga

Swali: "Mimi ni mstaafu wa miaka 63, naishi Tanga mjini. Nina nyumba mbili za kupangisha na shamba la michungwa Muheza. Nikikisia, vyote pamoja havizidi milioni 100. Nina mke mmoja na watoto wanne, wa kiume wawili na wa kike wawili. Binti mkubwa ni muuguzi, wa pili wa kiume ni mwalimu wa sekondari, binti mdogo bado yuko shule. Shida yangu ni wa tatu, kijana wa miaka 27. Amemaliza chuo miaka mitatu iliyopita, kazi mbili ameziacha, na nikimuuliza ananijibu, 'Baba, si nyumba zipo?' Rafiki yangu ananishauri niwafiche mali, au niseme yote naiachia msikiti, kwa sababu urithi huharibu watoto. Ninyi wataalamu mnasemaje? Ni kweli mtu akirithi anaacha kazi?"

Shikamoo mzee wangu.

Kijana wako hajarithi kitu. Naanzia hapo kwa sababu wewe na rafiki yako mnazungumza kana kwamba urithi umeshamfikia na umeshamharibu, ilhali mwenye nyumba yuko hai na kodi anapokea mwenyewe. Kuna maswali mawili hapa, na karibu kila anayeniuliza habari hii huyachanganya. La kwanza: mtu akishapokea urithi, anafanyaje na kazi yake? La pili: mtu anayejua kwamba ipo siku atarithi, anafanyaje kabla siku hiyo haijafika? La kwanza wachumi wamelipima kwa miaka zaidi ya 30 na majibu yao yanakaribiana. La pili ndilo lililopo nyumbani kwako, na ndilo gumu zaidi.

Maneno ya rafiki yako ni ya zamani. Aliyeyatangaza kuliko wote ni Andrew Carnegie, mtoto wa mfumaji wa Uskoti aliyehamia Marekani na wazazi wake, akaanza kazi kwenye kiwanda cha pamba akiwa na miaka 13 kwa dola 1.20 kwa wiki, na mwaka 1901 akauza kampuni yake ya chuma kwa dola milioni 480. Mwaka 1891 aliandika kwamba mzazi anayemwachia mwanawe utajiri mkubwa huvifisha vipaji na nguvu za mwana huyo, na humvuta aishi maisha yenye manufaa na heshima pungufu kuliko yale ambayo angeishi bila mali ile. Maneno mazito, na yamerudiwa sana na matajiri waliomfuata. Ila wakati anayaandika Carnegie hakuwa na mtoto hata mmoja. Binti yake wa pekee alizaliwa mwaka 1897.

Karne moja baadaye, mwaka 1993, wachumi watatu wa Marekani, Douglas Holtz-Eakin, David Joulfaian na Harvey Rosen, waliyaweka maneno hayo kwenye mizani. Walichukua kumbukumbu za kodi za watu waliorithi mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakatazama nani alikuwa kazini kabla na nani aliendelea kuwa kazini baada ya hapo. Mtu asiye na mwenzi aliyerithi zaidi ya dola 150,000 alikuwa na uwezekano wa kuacha kazi karibu mara nne ya yule aliyerithi chini ya dola 25,000.

Rafiki yako akisikia hivyo atagonga meza. Asomewe na nusu ya pili ya matokeo: dola 150,000 wakati ule zilizidi mapato ya miaka sita ya familia ya kawaida ya Marekani, na hata kati ya hao waliopata fungu kubwa, zaidi ya wanane katika kila kumi waliendelea kufanya kazi. Kwa hiyo Carnegie hakukosea kabisa. Urithi mkubwa huwatoa baadhi ya watu kazini. Ila inatakiwa uwe mkubwa kweli, na hata hapo wengi hubaki.

Utafiti huo una kasoro moja ambayo wachumi wenyewe wanaijua. Aliyerithi kingi kwa kawaida ni mtoto wa mwenye nacho, kwa hiyo huenda alikuwa tofauti na wenzake tangu utotoni. Tena wapo wanaoacha kazi ili kumuuguza mzazi, mzazi akafa, urithi ukaja, na kwenye karatasi inaonekana kama urithi ndio uliomwachisha kazi. Ili kukwepa mtego huo watafiti wakageukia washindi wa bahati nasibu. Najua kamari ni haramu kwako, mzee, nami siitetei. Lakini kura haichagui mtoto wa tajiri wala wa maskini, na kwa kupima ni mizani safi.

Marekani, kundi la Guido Imbens, aliyekuja kushiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2021, lilifuatilia washindi wa jimbo la Massachusetts waliokuwa wakilipwa zawadi zao kidogo kidogo kila mwaka. Kwa kila dola moja ya zawadi ya mwaka, mapato yao ya kazi yalipungua kwa senti 11 hivi. Sweden, utafiti uliotoka mwaka 2017 ulikuta kwamba kwa kila 100 aliyoshinda mtu, mapato yake ya kazi yalishuka kwa takriban 1.1 kwa mwaka, na yalibaki chini kwa miaka mingi. Utafiti mwingine wa hivi karibuni wa washindi wa Marekani ulipata kipimo kikubwa zaidi, kama 2.3 kwa kila 100.

Sasa tuziingize namba hizo nyumbani kwako. Mali yako ni kama milioni 100. Siku ya siku yatatolewa gharama za mazishi, madeni na shughuli za mahakama. Tuseme zibaki milioni 96. Kwa faraidhi, yaani hesabu ya mirathi ya Kiislamu, mama watoto anachukua thumuni, sehemu moja ya nane, ambayo ni milioni 12. Zinabaki milioni 84 za watoto, wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja. Kila kijana wa kiume anapata milioni 28, kila binti milioni 14.

Milioni 28 kwa kipimo cha Sweden humpunguzia mtu mapato ya kazi kwa shilingi 308,000 kwa mwaka. Kwa mwezi ni kama elfu 26. Kwa kipimo kikubwa cha Marekani, ni kama elfu 54 kwa mwezi. Yaani mtu aliyekuwa akiingiza laki tano kwa mwezi angelegeza mwendo hadi akaingiza laki nne na nusu hivi. Labda angekataa saa za ziada, au angefunga duka Jumapili. Huo si uharibifu wa mtoto. Kuna watu ningewashauri wafanye hivyo bila urithi wowote.

Wanaoacha kazi kabisa baada ya kurithi mara nyingi si vijana. Ni watu wa makamo, wenye miaka 50 na kitu au 60 na kitu, ambao kustaafu tayari kulikuwa kunawanong'oneza. Utafiti wa Jeffrey Brown, Courtney Coile na Scott Weisbenner wa mwaka 2010, uliofuatilia Wamarekani wa umri huo, ulionyesha kwamba waliorithi walistaafu mapema zaidi, na zaidi sana pale urithi ulipokuwa haukutarajiwa. Shika hilo neno la mwisho, nitalirudia. Aliyekuwa akiutarajia hakubadilika sana siku ulipofika, kwa sababu mipango yake alikuwa ameshaipanga kwa kuutegemea.

Kuna upande mwingine ambao rafiki yako hakuutaja. Penye uhaba wa mtaji, urithi huongeza kazi. Uingereza, David Blanchflower na Andrew Oswald waliwafuatilia watu waliozaliwa wiki moja ya mwaka 1958, wakakuta kwamba aliyepata urithi au zawadi ya pauni 5,000 alikuwa na uwezekano karibu maradufu wa kujiajiri kuliko asiyepata kitu. Wale wale watatu wa Marekani waliompima Carnegie waligeuka mwaka uliofuata wakaangalia wenye biashara ndogo, wakakuta waliorithi walidumu zaidi kwenye biashara na mauzo yao yalikua.

Ukitaka mfano wa jirani, vuka mpaka uende Siaya, magharibi mwa Kenya. Kati ya mwaka 2014 na 2017 shirika la GiveDirectly liliwapa kaya maskini zaidi ya 10,500, katika eneo lenye vijiji 653, kama dola 1,000 kila moja, mara moja, bila masharti. Ule haukuwa urithi, lakini kwa kaya ya kijijini kule fedha zile zilikuwa nyingi kuliko ambacho wazazi wengi wangewaachia. Watafiti waliporudi hawakukuta vijiji vya watu waliolala. Watu hawakupunguza kazi, na kila dola iliyoingia ilizunguka sokoni ikazaa shughuli za kiuchumi za takriban dola mbili na nusu. Mtu ambaye kikwazo chake ni bati, cherehani au pikipiki, ukimpa fedha huenda kununua bati, cherehani au pikipiki.

Hilo ndilo swali la kwanza, na jibu langu nalitoa bila wasiwasi: urithi wa kadiri yako hautamfanya mtoto mwenye kazi aiache. Binti yako muuguzi hataacha wodi kwa milioni 14. Mwalimu hataacha chaki kwa 28. Nitashangaa sana kama hukulijua hilo moyoni tayari.

Tuje kwa wa tatu.

"Baba, si nyumba zipo?" Nimeyasikia maneno haya kwa wazazi wengi, na karibu kila mara anayesemwa ni kijana wa kiume. Msemaji hana mali. Ana matarajio ya mali, na matarajio hufanya kazi kichwani miaka 20 kabla ya mali yenyewe. Tena yana sifa moja ambayo fedha taslimu haina: hayahesabiki. Milioni 28 ukiishika mkononi utajua inafika wapi. "Nyumba zipo" haina mwisho.

Austria walipata nafasi nzuri ya kupima jinsi mto wa kuegemea unavyobadilisha mwendo wa anayetafuta kazi. Kwa sheria ya wakati ule, mfanyakazi aliyeachishwa akiwa ametimiza miaka mitatu alilipwa kiinua mgongo cha mishahara ya miezi miwili. Aliyepungukiwa na mwezi mmoja hakupata kitu. Watu wa aina moja, tofauti yao ni wiki chache. Mwaka 2007 David Card, Raj Chetty na Andrea Weber walionyesha kwamba waliolipwa walipata kazi mpya kwa kasi ndogo, pungufu kwa asilimia 8 hadi 12. Hilo mtu angelitazamia. La kufunza zaidi ni kwamba kazi walizopata hatimaye hazikuwa na mshahara bora kuliko za wale waliokimbilia ya kwanza iliyokuja. Walingoja zaidi na hawakupata zaidi.

Kijana wako ana kiinua mgongo kikubwa kuliko cha Austria: chumba cha bure, chakula cha mama yake, na nyumba mbili akilini. Kwa hiyo bei yake imepanda. Kazi ya laki tatu na nusu anaiona dharau, wakati mwenzake aliyesoma naye, ambaye baba yake hana kitu, ameshaichukua, ameshapata uzoefu, na mwaka kesho ataruka kwenda ya laki sita. Sisemi ni mvivu. Kabla hujamwita hivyo, muulize vizuri kwa nini aliziacha zile kazi mbili. Alikuwa na mkataba? Alilipwa kwa wakati? Wako waajiri wengi mjini wanaowaweka wahitimu "kwa majaribio" mwaka mzima kwa nauli tu, na kijana mwenye akili zake huondoka. Kama ndivyo, nusu ya lawama ihame.

Ushahidi ulio karibu zaidi na hali yetu umetoka Ethiopia. Kule ardhi ni ya serikali, haiuzwi, na kijana wa kijijini huipata zaidi kwa wazazi. Watafiti waliotoa matokeo yao mwaka 2018 walitazama kiasi cha ardhi ambacho vijana walitarajia kurithi, kisha wakaangalia baada ya miaka minne nani amehama na nani anafanya nini. Waliotarajia ardhi kubwa zaidi hawakuhama sana kwenda kuishi kabisa mbali wala mijini, na walibaki zaidi kwenye kilimo kuliko kazi nyingine. Uamuzi wa kwenda shule haukubadilika. Na athari hiyo ilionekana zaidi kwa wanaume, na kwa vijana wakubwa kuliko wadogo.

Ona vizuri kilichosemwa. Hawakuacha kufanya kazi. Walifungwa mahali. Matarajio yaliwachagulia mji wa kuishi na aina ya kazi, na kwa shamba hilo linaweza kuwa jambo jema, maana shamba lina kazi ndani yake. Nyumba ya kupangisha haina. Michungwa ya Muheza inataka palizi, dawa na mtu wa kubishana na madalali msimu wa machungwa. Mwenye nyumba kazi yake ni kungoja tarehe. Ndiyo maana kijana wako anasema "nyumba zipo" na hasemi "shamba lipo". Hilo ningelitafakari sana kama ningekuwa wewe.

Kuna kungoja kwa pili, nako huja baada ya mzazi kufariki. Unayajua haya, umeyaona mtaani. Kikao cha familia kinakaa, muhtasari unaandikwa, jina linapelekwa Mahakama ya Mwanzo, msimamizi wa mirathi anateuliwa. Kanuni zinamtaka alete orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne, isipokuwa mahakama imwongezee muda. Orodha inaletwa au hailetwi, lakini mgawanyo wenyewe unasuasua kwa miaka, kwa sababu nyumba ya vyumba sita haikatiki vipande, na hakuna ndugu mwenye fedha za kuwanunua wengine. Hapo mmoja hujitolea kukaa kwenye nyumba "kulinda haki za wote". Anachukua chumba cha mbele, anapokea kodi, daftari analijua yeye. Ndugu walioko mbali wanaanza kumshuku. Naye hawezi kuondoka hata akipata kazi Arusha, kwa kuwa akitoka ataonekana ameachia. Huyo ndiye mtu aliyeharibiwa na urithi ambaye nimekutana naye mara nyingi zaidi. Si tajiri. Ni mlinzi asiye na mshahara wa mali ambayo haijagawanywa, na mara nyingi ni yule yule ambaye ujanani alikuwa akisema nyumba zipo.

Kwa hiyo ushauri wa kuficha siuafiki hata kidogo. Kuficha hakuondoi matarajio. Kijana anaziona nyumba, anawajua wapangaji kwa majina, utamficha nini? Atakachokosa ni hesabu tu, na hesabu ndiyo dawa. Zaidi ya hayo, hati iliyofichwa ndiyo hupotea, na wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Ningemwita kijana, tukakaa mezani na daftari la kodi, nikampa kalamu. Hukunitajia kodi unayopokea, basi tukisie: vyumba 12 kwa jumla, kila kimoja elfu 50. Kwa mwaka ni milioni 7.2, kama vyumba vyote vina watu na wote wanalipa, jambo ambalo wewe unalijua kuliko mimi. Toa bati lililooza, shimo la choo lililojaa, rangi, kodi ya pango la ardhi, kodi ya serikali na mpangaji aliyehama usiku. Zikibaki milioni 6 umshukuru Mungu. Fungu la kijana, kama zile milioni 28 kati ya 96, ni sehemu 7 katika 24, yaani milioni 1.75 kwa mwaka. Kwa mwezi ni kama laki moja na elfu 46. Mwache aandike namba hiyo mwenyewe. Kisha muulize atapanga wapi, ataoa nani na atasomesha nani kwa kiasi hicho.

Halafu mwambie habari ya umri. Una miaka 63. Mola akikujalia kufika 85, yeye atakuwa na 49. Vijana hawapigi hesabu hii kwa sababu ina harufu ya kumtakia mzazi kifo, na wazazi hawaitaji kwa sababu hiyo hiyo, ikabaki pale katikati ya nyumba kila mtu akiizunguka. Itaje wewe, kwa utani kidogo ukipenda. Wewe ndiye mwenye ruhusa.

Kama unaweza, sehemu ndogo itoe sasa. Ushahidi wote niliokueleza unaelekea upande huo: fedha inayomkuta mtu ana miaka 27 na hana mtaji humfanya aanze kazi, na inayomkuta ana 58 na amechoka humfanya apumzike. Hiba, yaani zawadi unayoitoa ukiwa hai, inaweza kufika wakati ambapo ina faida. Lakini usimpe yeye peke yake kwa kuwa ndiye anayelalamika. Unaijua hadithi ya Nu'man bin Bashir, ambaye baba yake alimpa zawadi akaenda kumshuhudisha Mtume (S.A.W.), naye akauliza kama watoto wengine wote wamepewa mfano wake, alipoambiwa hapana, akakataa kushuhudia. Wanazuoni wengi wanaona katika hiba watoto wawe sawa kwa sawa, wake kwa waume. Binti muuguzi anaweza kuitumia kujiendeleza masomo, mwalimu akamalizia kiwanja, wa mwisho ikawekwa kwa ajili ya ada. Ifanye ukiwa mzima, ikabidhiwe kweli mkononi na iandikwe, maana hiba ya aliye katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia, na hiba ya mdomo bila makabidhiano ni kesi inayosubiri tarehe. Haya ya sheria mpitishie sheikh anayejua faraidhi kabla hujafanya lolote. Mimi ni mtu wa uchumi.

Fungu la kijana ningependa liwe chombo zaidi kuliko fedha, na ningelifunga na shamba. Machungwa ya Muheza yanahitaji mtu kijana wa kwenda na kurudi, kuongea na wanunuzi wa Dar es Salaam na Mombasa, kujua bei ya gunia kabla dalali hajamwambia. Mpe msimu mmoja ausimamie kwa makubaliano ya maandishi: asilimia fulani ya faida ni yake kama mshahara, iliyobaki ni yako, na hasara mnaijadili. Akifanikiwa, atakuwa amepata kazi. Akishindwa, atakuwa amejifunza thamani ya kile alichokuwa akikingojea, tena ukiwa hai wa kumsaidia. Nyumba usimkabidhi azikusanyie kodi. Hiyo ndiyo njia fupi ya kumtengeneza yule mlinzi wa chumba cha mbele.

Na mdogo wake wa kike asome bila kusikia mazungumzo haya kila siku mezani.

Limebaki la msikiti. Rafiki yako amekuambia useme yote unaiachia msikiti, kama Carnegie alivyotoa sehemu kubwa ya mali yake kwa maktaba na vyuo. Carnegie alikuwa na sheria iliyomruhusu. Wewe wasia wako hauvuki theluthi, na huwezi kuwanyima warithi fungu ambalo hukuwapangia wewe. Kijana wako kama alisoma madrasa anajua hilo, kwa hiyo ni tishio ambalo atalicheka chumbani kwake. Ila kama moyo wako unataka kweli kutoa theluthi, au chini ya hapo, kwa ajili ya msikiti au madrasa ya mtaani, usilifanye silaha ya kumtisha mtu. Liandike wasia mbele ya mashahidi, na uwaeleze watoto wote wanne siku moja, mama yao akiwepo, pamoja na ile hesabu ya milioni 28 na 14 ambayo nayo itabidi ipunguzwe.